Sangara Katika Kiti cha Kiima

Sentensi ya Kihispania isemayo *Me gusta la perca* ina maneno manne, na katika hayo manne mtu mwenye ladha kinywani amepewa silabi moja tu. Silabi hiyo ni *me*, nayo ni yambwa. Kiima ni *la perca*, yaani sangara, na kitenzi *gusta* kimechukua umbo la nafsi ya tatu umoja kwa sababu sangara ni mmoja. Wangekuwa wengi kingegeuka kuwa *gustan*, na *me* isingetikisika. Nimemchagua sangara kwa makusudi. Samaki huyu, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria kwenye miaka ya 1950 na 1960, na ambaye minofu yake imesafirishwa Ulaya kutoka viwanda vya Mwanza na Musoma, huuzwa Hispania kwa jina la *perca del Nilo*. Kwa hiyo sentensi hii yaweza kutamkwa katika jiko la Madrid juu ya samaki aliyevuliwa mbele ya mwalo wa Bukima. Na kama mlaji wa huko hakuvutiwa naye, atasema *No me gusta la perca*, na sangara wetu atabaki palepale alipokuwa, kiima cha sentensi inayomkataa.

Vitabu vingi vya kufundishia Kihispania huiita sentensi hii ya kinyume. Mwanafunzi huambiwa kwamba kitenzi *gustar* kinakwenda nyumanyuma, kwamba kilichopaswa kuwa yambwa kimekalia kiti cha kiima, na kwamba dawa yake ni kuipindua sentensi kichwani kabla ya kuisema. Hukumu hiyo haina mizizi katika Kihispania chenyewe. Imetoka katika Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida humweka mpendaji mbele na kumkabidhi kitenzi akitawale, kisha ikachukua mazoea yake kuwa kipimo cha lugha nyingine. Kijana wa Bunda anayejifunza Kihispania ili aongoze watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, akishika kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, hujikuta akifundishwa kwanza kwamba sentensi imepinduka, halafu namna ya kuinyoosha. Naona safari hiyo ni ya mzunguko usio na lazima, kwa kuwa umbo la *me gusta* analo tayari, na amekuwa nalo tangu siku alipoumwa jino.

Tulitazame jino hilo kwa utulivu. Msemaji wa Kiswahili husema *Linaniuma jino*. Msemaji wa Kihispania husema *Me duele la muela*. Mpangilio ni mmoja kwa kiwango cha kushangaza. Katika sentensi zote mbili jino ndilo kiima, na mwenye jino ni yambwa. Katika zote mbili yambwa hiyo imesogezwa hadi mlangoni pa kitenzi: *-ni-* imegusana na mzizi *-um-* bila kitu chochote katikati, na *me* imetangulia *duele* bila kuruhusu neno jingine liyatenganishe. Katika zote mbili hakuna kimilikishi, kwa sababu yambwa imekwisha kusema jino ni la nani. Mswahili hahitaji kuongeza *langu*, na Mhispania hutosheka na kibainishi *la*. Meno yakiongezeka, vitenzi vyote viwili huitikia kwa pamoja: *Yananiuma meno*, *Me duelen las muelas*. Hata ruhusa ya kupanga maneno ni ya pamoja, maana *Jino linaniuma* na *Linaniuma jino* zote ni za kawaida kwetu, tofauti yake ikiwa katika habari ipi itangulie, na Kihispania nacho huweza kumtanguliza kiima pale mazungumzo yanapomhitaji mbele. Kijita, Kikwaya, Kizanaki na jamaa zao nazo hubeba kiima na yambwa ndani ya kitenzi, kwa hiyo mtoto wa ukanda huu wa ziwa huufahamu usanifu huu kabla hajaingia darasani.

Ili tusiendelee kuazima istilahi zinazomdhania mpendaji kuwa mtendaji, naomba tumwite mwenye kuhisi *mwonjaji*, na kile kinachohisiwa *kionjwa*. Istilahi hizi zina uhalali wa kihistoria pia, kwani *gustar* imetokana na kitenzi cha Kilatini *gustare*, kuonja. Swali la uhakiki sasa linaweza kuulizwa kwa usahihi: lugha inapoeleza kupenda na kutopenda, inamkalisha nani katika kiti cha kiima, na kiti hicho kinampa mzigo gani?

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa tajiri kuliko wengi wetu tulivyofundishwa kukiona, kwa sababu hakijachagua upande mmoja. *Nampenda sangara* inamweka mwonjaji katika kiima. *Sangara ananipendeza* inamweka kionjwa hapo. *Ninapendezwa na sangara* inamrudisha mwonjaji, lakini safari hii kama mtu aliyefikiwa na jambo, si aliyelianzisha. Mzizi ni uleule, *pend-*; kilichobadilika ni viambishi tamati, *-ez-* ya kutendesha na *-w-* ya kutendwa, vinavyomhamisha mwonjaji kutoka kiti hadi kiti bila kumtoa chumbani. Upande wa chuki hufuata ngazi hiyohiyo: *nachukia*, *inanichukiza*, *ninachukizwa*. Kilicho katika Kihispania tabia ya kitenzi kimoja kimoja, cha kukariri katika orodha, katika Kiswahili ni kazi ya mnyumbuliko, na mzungumzaji huifanya kila siku bila orodha.

Lakini uzuri wa juu zaidi wa mfumo huu umo katika ukanushi. *Simpendi sangara*: silabi *si-* imemyeyusha mwonjaji na kukataa kwake hata havitenganishiki, huwezi kuonyesha ni wapi *mimi* inaishia na *hapana* inaanzia. Anayesema hivyo ameubeba mzigo wote mwenyewe. *Sangara hanipendezi*: sasa ukanushi *ha-* umegandana na kiambishi cha sangara, navyo kwa pamoja vimekuwa silabi moja, na mwonjaji amebaki ndani ya kitenzi kama *-ni-*, salama, akipokea matokeo. Ni samaki aliyeshindwa kupendeza. Mofolojia yenyewe, kabla ya sauti ya msemaji wala uso wake, imekwisha kugawa lawama. Kihispania hakina uwezo huu wa kugandisha. *No* yake husimama peke yake mbele ya *me* na mbele ya kitenzi, ikiifunika sentensi nzima kwa usawa, na kwa sababu hiyo *No me gusta* ina ubaridi fulani wa haki: haimlaumu mlaji, wala haimlaumu samaki, inatangaza tu kwamba kati yao hakujatokea kitu. Huo ni ufundi pia, wa aina nyingine, na unaeleza kwa nini kauli hiyo hukubalika mezani kirahisi kuliko tafsiri yake ya haraka kwa Kiswahili.

Tusiharakishe, hata hivyo, kuzifananisha *gustar* na *pendeza* katika matumizi kama tulivyozifananisha katika umbo. *Kupendeza* kumehamia zaidi upande wa macho na adabu. *Umependeza* husemwa kwa aliyevaa vizuri, na *haipendezi* husemwa juu ya tendo lisilostahili, tena bila yambwa yoyote, kana kwamba mwonjaji ni jamii nzima na hana haja ya kutajwa. Juu ya chakula kilichomo mdomoni ni wachache watakaosema *kinanipendeza*. Kiti cha kiima ambacho *pendeza* ilikiacha upande wa ladha kimekaliwa na vitenzi vingine, vingi vikiwa na ukali wa picha ambao *gusta* imekwisha kuupoteza. Kamongo, samaki ambaye watu wa ziwa hawajawahi kukubaliana juu yake, wapo wanaomsifu na wapo wasiomgusa, huambiwa *amenishinda*. Kutopenda kumeandikwa kama pambano ambalo mlaji ameshindwa, na ushindi amepewa samaki. Dagaa wa kila siku *wamenichosha*. Sato, kinyume chake, *hanichoshi*, na sifa hiyo imejengwa kwa kukanusha uchovu, njia ya staha inayosema mengi kwa kutamka machache. Litungu la Wakurya likipigwa vizuri *linanikosha*. Na kile kisichovumilika *kinanitia kinyaa*, ambapo Kihispania kinakutana nasi tena uso kwa uso, kwa kuwa husema *me da asco*, kinanipa kinyaa: kionjwa ndicho kiima, mwonjaji ndiye mpokeaji, na hisia yenyewe imekuwa nomino inayokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono.

Sifa ya pamoja ya vitenzi hivi vyote, vyetu na vyao, ni kwamba vinaamini ladha humjia mtu. Mwonjaji hakuitafuta. Ndiyo maana inafaa kuyatazama mazungumzo ya mezani, mahali ambapo imani hiyo hupimwa na adabu. Mama mwenye nyumba anamuuliza mgeni wake, *Baba, kamongo unatumia?* Mgeni anajibu, *Hapana mama, kamongo huwa situmii. Naomba hao dagaa, hao hawanichoshi.* Jibu hili limesanifiwa kwa uangalifu kuliko linavyoonekana. Silabi *si-* imerudi, na mgeni ameubeba tena ukanushi yeye mwenyewe, ila ameuweka juu ya kitenzi kisicho na ladha yoyote ndani yake. *Kutumia* hakumhukumu samaki. *Huwa* inakipeleka kisa nyuma ya mlo huu, katika desturi ya mgeni iliyokuwapo kabla hajafika, kwa hiyo mkono wa aliyepika hauguswi. Na kwa kuwa koo nyingi za Mara zina miko yao ya vyakula na wanyama, *situmii* inaacha wazi kama sababu ni ulimi, mwiko au ushauri wa daktari, na mama hatauliza. Kisha, baada ya kulinda kila upande, mgeni anageukia dagaa na kuwapa kiti cha kiima kwa kuwasifu: *hawanichoshi*. Kukataa kumebebwa na mtu; sifa imebebwa na chakula. Sidhani kama kuna mgawanyo wa mizigo ulio wa haki zaidi ya huu, na umetimizwa kwa vitenzi viwili.

Kihispania nacho kina adabu yake, ila huiweka mahali pengine. Kijana wetu wa Ndabaka akimuuliza mgeni mzee, atasema *¿Le gusta la perca?*, na akimuuliza rafiki wa rika lake, *¿Te gusta la perca?* Tofauti yote ya heshima imo katika yambwa, *le* kwa anayestahiwa, *te* kwa mwenzio. Sangara na kitenzi chake hawajui kama anayeulizwa ni bibi au kijana. Kiswahili hakina *le* na *te*. Kiambishi *u-* katika *unatumia* ni kimoja kwa mtoto na kwa mkwe, na heshima inabidi iingie kwa mlango wa mwito, *baba*, *mama*, *bibi*, unaotangulia sentensi na kuyatia rangi yote yanayofuata. Mwalimu anayefundisha *le gusta* hapa angefanya vema kuanzia na mwito huo, maana kazi ni ileile ingawa imehamishwa chumba.

Ipo pia kauli moja ya Kihispania ya mezani ambayo imehifadhi hali ya zamani. Zamani *gustar* ilikuwa na mwonjaji katika kiima, kama kitenzi chochote cha kuonja, na mtu aliweza kusema kwamba yeye *gusta de* jambo fulani, muundo unaosalia katika maandishi ya kirasmi. Mpangilio wa sasa ulikuja kutawala baadaye. Lakini anayekula, akipitiwa na mtu, bado humwambia *¿Gusta usted?*, na hapo mpita njia ndiye kiima, anaalikwa aonje. Ni *Karibu tule* yetu kwa kila kitu isipokuwa maneno, pamoja na jibu lake linalotarajiwa, maana kama vile sisi tunavyojibu *Asante, starehe*, wao hujibu *Buen provecho* na kuendelea na njia. Kwamba muundo wa kale umesalia hasa katika karibisho si jambo la bahati, kwa maoni yangu. Kukaribisha ni kumpa mtu mwingine nafasi ya kutenda, na sarufi imemwachia kiti.

Andrés Bello alipochapisha sarufi yake ya Kihispania huko Chile mwaka 1847, akiwakusudia wasemaji wa Amerika, alilalamikia desturi ya kukieleza Kihispania kwa vyumba vilivyojengwa na Kilatini, na akataka lugha isomwe kwa mantiki yake yenyewe. Sarufi za Kiswahili tulizorithi zina historia ya karibu na hiyo: kitabu cha Edward Steere cha 1870 na kile cha E. O. Ashton cha 1944 viliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Kiingereza, na pamoja na ubora wake mkubwa, hasa wa Ashton, vilipaswa kueleza kila jambo kwa umbali wake kutoka Kiingereza. Lugha mbili zilizopimwa kwa rula za wengine zinapokutana bila mkalimani, zinaonekana kuwa majirani zaidi ya ilivyodhaniwa.

Ujirani huo una sehemu ambazo mwanafunzi hajaonyeshwa. Katika *A mi abuela le gusta la perca*, bibi ametajwa waziwazi, *a mi abuela*, na bado *le* inayomwakilisha haiondoki. Wanafunzi wanaozungumza Kiingereza huiona kuwa marudio yasiyo na kazi. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa. *Jino linamuuma bibi yangu*: bibi yupo, na *-mu-* ipo, na sentensi isiyo na *-mu-* hiyo ingemkera sikioni. Lugha zote mbili zinadai kwamba binadamu aliyeguswa na jambo asiachwe nje ya kitenzi, hata kama jina lake limekwisha kutajwa. Kwa upande mwingine, kionjwa kikiwa tendo, Kiswahili ni sahihi zaidi. Mhispania husema *Me gusta pescar*, na hata akiongeza kuogelea, *Me gusta pescar y nadar*, kitenzi hubaki umoja, kikichukua umbo la jumla kwa kukosa lingine. Kiswahili kina ngeli ya kitenzi-jina na upatanisho wake: *Kuvua usiku kunanichosha*. Tendo limepewa kiambishi chake lenyewe, na linaketi kitini kwa cheo kamili.

Ipo sehemu moja yenye mtego, na uangalifu unahitajika. *Me gusta que vengas* hutumia hali tegemezi, na Kiswahili kina hali tegemezi inayoonekana kuitikia vizuri: *Napenda uje*. Umbo linalingana, maana inateleza. Mhispania anaweza kusema hivyo juu ya mtu ambaye huja kila Jumapili. Anasifu jambo lililopo, na hali tegemezi imeitwa na hisia. Mswahili anayesema *Napenda uje* anaomba jambo ambalo bado. Hali tegemezi yake imeitwa na matarajio. Juu ya ujaji uliopo atasema *Napenda unavyokuja*, au *Inanifurahisha ukija*. Mahali lugha hizi zinapopatana bila mtego ni katika masharti: *me gustaría* na *ningependa* zote hulirudisha tamanio hatua moja nyuma, katika ulimwengu wa *kama*, ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa bila kumvunja mwombaji. Tofauti ni kwamba hapa Kiswahili humrudisha mwonjaji katika kiima. *Ingenipendeza* ipo, lakini ni ya barua na hotuba.

Yabaki njeo. Mgeni aliyekwisha kula Madrid husema *Me ha gustado*, na katika nchi nyingi za Amerika husema *Me gustó*, umbo la tendo lililokamilika, bila madhara yoyote kwa mpishi. Mwanafunzi akilihamisha umbo hilo moja kwa moja na kumwambia mama wa Bukima *Nilimpenda huyu sato*, *-li-* itafunga mlango ambao hakukusudia kuufunga. Itasikika kama penzi lililokwisha. Kauli inayohitajika ni *Nimempenda*, kwa kuwa *-me-* hulitaja tendo na kuiacha hali yake ikiendelea hadi sasa, sahani ikiwa bado haijaondolewa. Na mlaji ambaye hakuvutiwa anayo njia ambayo Kihispania hakina kiambishi chake. *No me gustó* ni hukumu iliyotolewa na kufungwa. Ili kuilegeza, Mhispania lazima atafute kielezi, aseme *todavía no me gusta*. Mswahili husema *Sijampenda*. Mwonjaji ameubeba ukanushi katika *si-*, na palepale nyuma yake *-ja-* imeweka uwezekano kwamba samaki huyu, au mwingine atakayepikwa na mkono huohuo, bado ana nafasi yake.